Nauli ya Safari ya Pili

Ida Pfeiffer wa Vienna alitengana na mumewe, akabaki kulea wanawe wawili. Mwaka 1842, vijana wakijitegemea, naye ana miaka 44, aliwaaga jamaa kwamba anakwenda Istanbul tu. Akafika Yerusalemu na Misri! Kitabu cha safari ile kikamlipia nauli ya Iceland. Baadaye akaizunguka dunia mara mbili, akikamata wadudu na kuchuma mimea ya kuuzia majumba ya makumbusho. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake.

Ndugu yangu uliyeachika ukubwani, unayetamani kuongoza watalii au kuandika safari, usikubali kuambiwa umechelewa. Umelea, umepanga bajeti, umetuliza ugomvi. Wageni wanamhitaji mtu wa namna hiyo. Kaulizie mafunzo na leseni wiki hii.