Uwekevu na Nguo za Mitumba

Uwekevu si ubahili. Bahili huificha fedha hata ikakosa kazi. Mwekevu huituma mahali inapofaa. Katika soko la Gikomba, Nairobi, mtumba hufunguliwa alfajiri, na mnunuzi mwenye subira hukagua mishono, kola na vifungo kabla ya kupatana bei. Koti zuri lililoachwa Ulaya humsitiri mwanafunzi wa Kenya, na fedha iliyosalia ikamnunulia kitabu. Hiyo ni furaha ya halali. Lakini bei rahisi nayo ina mtego wake: anunuaye asichokihitaji amepoteza, ingawa amelipa kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimwaga. Basi, msomaji, kabla ya kuuliza bei, iulize kwanza haja yako.