Karatasi mbili za wasia, matakwa ya nani?

HAKUNA kesi ya mirathi inayoichosha familia kama ile yenye karatasi mbili za wasia. Ya kwanza mzee aliiandika akiwa na nguvu zake, akamuusia nyumba mtoto wa mke mkubwa. Ya pili imeandikwa akiwa kitandani, ina alama ya dole gumba, na nyumba ile ile sasa ni ya mtoto wa mke mdogo. Baada ya maziko kila upande unashika karatasi yake na kukimbilia mahakamani.

Kisheria, kubadilisha wasia si kosa. Maadamu mtu yu hai na ana akili timamu, anaweza kuufuta au kuubadilisha, na ukigongana na wa awali, wa mwisho ndio unaofuatwa. Akishafariki, mlango umefungwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 181, Allah (s.w.) anabainisha kuwa dhambi ya kuugeuza wasia ni ya wale wanaougeuza. Aya inayofuata inamwondolea dhambi yule tu aliyeona muusiaji amepotoka, akasuluhisha.

Lakini ndugu msomaji, kuna swali zito zaidi ya dole gumba: matakwa yaliyomo katika karatasi ya pili ni ya nani? Mgonjwa anayelishwa na kugeuzwa na mkono mmoja usiku na mchana, atamkatalia nini mwenye mkono huo? Akili yaweza kuwa timamu huku hiari imekwisha. Ndiyo maana mafaqihi wakaweka hukumu maalumu kwa maradhi ya mauti: zawadi inayotolewa humo huchukua hukumu ya wasia.

Wapo watakaosema: je, aliyemuuguza mzee hastahili zaidi ya aliyekuwa mbali? Anastahili shukrani, na ndugu zake wakiridhia kumwongezea, wamefanya uungwana. Lakini shukrani ya baba haiwezi kulipwa kwa fungu la mtoto mwingine.

Na hapa ndipo penye msiba wa kesi hii. Wagombanao wote wawili ni warithi, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mrithi hausiwi, kwani Allah amekwisha kumpa kila mmoja haki yake. Warithi wengine wasiporidhia, si karatasi ya kwanza wala ya pili inayompa yeyote nyumba ile. Ndugu wanauana kwa maneno, wanalipa mawakili, wakigombea asichokuwa nacho marehemu cha kutoa. Alichoachiwa ni thuluthi, nayo ni kwa wasiorithi na mambo ya kheri. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia zaidi, Mtume (s.a.w.) alimkomesha kwenye thuluthi, na akamwambia kuwa hata hiyo ni nyingi.

Basi tuandike wasia tungali wazima, mbele ya mashahidi waadilifu wawili, na familia ijue. Tukiubadilisha, tuwaite wale wale waliosikia wa mwanzo na tuichane karatasi ya zamani mbele yao. Badiliko ambalo mtu anaona haya kulisema mbele ya watoto wake wote, ajiulize kwanza kama ataweza kulisema mbele ya Mola wake.

Wabillahi tawfiq.