Ukuta wa Mtu ni Haki Yake



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba wake, na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wanafunzi, wa kiume na wa kike, kwa toleo hili niliombwa niandike juu ya usafi. Mwanzo nilitaka kuandika juu ya udhu, mswaki na usafi wa mabweni yetu. Lakini upo uchafu mmoja ambao niliupaka kwa mkono wangu mwenyewe, na niliona haya kuwahimiza wenzangu washike mafagio huku huo nimeunyamazia. Najua kwamba Muislamu hatakiwi kuitangaza dhambi ambayo Mola wake amemsitiri. Hii yangu haikuwa ya siri. Ilikuwa ukutani, mtaa mzima ukiisoma, na mwenye ukuta nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika mistari hii.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Wanaokujua kwetu wanajua gereji zetu. Mafundi wakishamwaga oili chafu ya injini huiacha kwenye madumu, na sisi watoto tulijua madumu hayo yanakaa wapi. Mtaani kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeuza mchele, sukari na mafuta ya kula katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Siku moja mwenzetu alitumwa kwake sukari nusu kilo. Alipofika nyumbani ikaonekana imepungua, akapigwa, akatujia analia kwamba yule mama anaiba kwenye mizani. Usiku tulichota oili kwa kopo, tukachukua brashi ya zamani, na kwenye ukuta wa duka, upande wa barabarani, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa: MWIZI. Niliandika mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Nilikuwa na umri wa miaka 14.

Baada ya wiki mbili yule mwenzetu alituambia, huku anacheka, kwamba sukari aliilamba yeye njiani. Wengine wakacheka naye. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza. Nikaendelea kupita mbele ya ule ukuta kwenda madrasa, na msahafu mkononi.

Darasa lililonikumba

Miaka ikapita. Nikaja kusoma huku Uganda, nikachagua masomo ya Kiislamu. Katika somo la fiqhi tulifika mlango wa kupora na kuharibu mali ya mtu. Mwalimu alieleza kwamba anayeharibu mali ya mwenzake hubeba dhamana ya kuirudisha ilivyokuwa au kulipa thamani iliyopungua, na kwamba utoto hauiondoi dhamana hiyo, kwa kuwa haki ya mwenye mali iko palepale. Kisha akatoa mfano bila kujua anasema na nani: mtu aliyechora ukuta wa jirani. Kalamu yangu ilisimama.

Ndugu zangu, sisi tumezoea kusema "Astaghfirullah" na kuhesabu kwamba mambo yamekwisha. Imam an-Nawawi (Allah amrehemu), katika mlango wa tawba wa Riyadhus Swalihin, ameeleza kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti 3 ya tawba: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikiwa dhambi inagusa haki ya mwanadamu, masharti huwa 4, na la nne ni kujivua na haki hiyo: kama ni mali umrudishie, na kama ni heshima umwombe akusamehe. Mimi nilikuwa nimetimiza 3 kwa miaka mingi. Lile la nne lilikuwa bado linasomeka barabarani.

Tena lilikuwa limebeba haki mbili. Ukuta ni mali ya mtu. Neno "mwizi" ni heshima ya mtu. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, Allah (S.W.) ametukataza kuitana majina mabaya, dhana mbaya na kusengenyana. Anayemsengenya mtu kwa ulimi, maneno yake yanaweza kusahaulika kesho. Anayeandika ukutani amemweka msengenyaji asiyelala, anayesema na kila apitaye, mchana na usiku. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kuanzisha jambo baya hubeba mzigo wake na mzigo wa wanaomfuata. Pembeni ya neno langu watoto wengine walikuja kuandika yao. Ukuta uliokwisha kuandikwa mara moja huonekana hauna mwenyewe.

Mkono wa Mtume (S.A.W.) ukutani

Zipo hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliona kohozi kwenye ukuta wa kibla msikitini, likamchukiza mpaka machukizo yakaonekana usoni mwake. Hakumtuma mtu. Aliinuka akalikwangua mwenyewe. Katika mapokezi ya Jabir (R.A.) yaliyo katika Sahihi Muslim, alilikwangua kwa kijiti cha mtende, kisha akataka manukato. Kijana mmoja wa mtaa ule akakimbia kwao, akarudi na manukato kiganjani, na Mtume (S.A.W.) akayapaka pale palipokuwa na uchafu.

Tutazame mambo mawili hapa. Kwanza, mbora wa viumbe hakuona kwamba kukwangua ukuta ni kazi ya mtu wa chini, na uchafu wenyewe hakuuweka yeye. Itakuwaje kwa aliyeuweka? Pili, hakuishia kuondoa. Alirudisha uzuri wa mahali pale. Na aliyekimbia kuleta manukato alikuwa kijana, wa rika letu.

Tukumbuke pia Suratul Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa. Musa (A.S.) na mja mwema walifika katika mji ambao watu wake waliwanyima chakula. Wakakuta ukuta unakaribia kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha bila ujira. Baadaye akaeleza kwamba ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake ilikuwapo hazina yao. Huyo alijenga ukuta wa mayatima katika mji uliomnyima chakula. Mimi nilichafua ukuta wa mjane aliyekuwa akinipa peremende za bure siku ya Iddi.

Siku tatu za kubandua

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani. Duka lilikuwa limepakwa rangi ya krimu, na chini ya rangi hiyo neno langu lilikuwa limejitokeza tena, kahawia. Niliingia nikatoa salamu. Nikasema, "Mama, lile neno la ukutani niliandika mimi." Aliweka chini kibaba alichokuwa akipimia mchele. Akaniuliza, "Kwa nini, mwanangu?" Nikamweleza habari ya sukari. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema alishapaka rangi mara 4, na kila mara oili inarudi. Akasema binti yake alikuwa akiulizwa shuleni kama ni kweli mama yake ni mwizi, mpaka akakataa kabisa kukaa dukani. Nikamwomba msamaha. Akajibu, "Ondoa kwanza. Msamaha tutauzungumza baadaye."

Nawaeleza kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu anayechora hufikiri ni mchezo wa dakika tano. Mkaa na chaki hutoka kwa maji, sabuni na brashi. Rangi ya mafuta huhitaji kukwanguliwa kwa brashi ya waya, na ukuta wote hupakwa upya, kwa sababu kiraka cha rangi mpya huonekana kama kidonda. Oili ya injini ndiyo mbaya zaidi. Haikauki. Hunywewa na lipu, na ukipaka rangi ya maji juu yake hupenya tena polepole. Siku ya kwanza nilisugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, bila faida. Fundi mmoja wa mtaani akanionea huruma, akaniambia lipu yenyewe imekwisha kulewa, haina dawa ila kubanduliwa. Siku ya pili nilibandua kwa tindo na nyundo, herufi baada ya herufi, mpaka kwenye matofali. Watu wakipita wakiniuliza, niliwajibu kwamba nafuta uongo niliouandika mwenyewe. Siku ya tatu fundi alinisaidia kupiga lipu mpya. Ilipokauka nilirudi kupaka rangi ukuta wote, kona hadi kona. Fedha zilikuwa zangu, za akiba ya matumizi ya chuo.

Nilipomaliza, yule mama alinitolea chai na kitumbua, akaketi karibu yangu. Akasema, "Fungu langu nimekusamehe kwa ajili ya Allah. Fungu la binti yangu siwezi kulisamehe mimi. Mtafute."

Binti ameolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Nilipata namba yake kwa idhini yake, nikampigia, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akakata simu. Hapo ndipo jambo lilipofikia. Simlaumu, wala simsumbui. Namwombea dua, na nangojea. Mtume (S.A.W.) ametuonya tumalizane na tuliowadhulumu leo, kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, ila mema ya dhalimu kuchukuliwa na kupewa aliyemdhulumu. Nikisoma hadithi ya muflisi, anayekuja na swala, funga na zaka kisha vyote vikagawiwa watu, sasa najua sura ya mmoja wa watakaosimama kwenye foleni yangu.

Na sisi hapa chuoni

Ndugu zangu, tutoke nje ya geti letu tuangalie. Kuta za vinyozi, za mafundi cherehani, za akina mama wenye vibanda vya chakula, za nyumba tunazopanga: majina ya wagombea wa uchaguzi wa wanafunzi, timu za mpira za Uingereza, namba za simu, matusi, na mahali pengine maneno juu ya makabila ya watu. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu tunajua kwamba neno baya juu ya kabila la mtu halibaki kuwa neno tu.

Yapo hata maandishi ya dini. Ndugu yetu kwa nia njema ameandika jina la Allah kwenye ukuta wa mtu bila kumuuliza. Nia njema haihalalishi mali ya mtu. Imam an-Nawawi ameeleza, katika kitabu chake juu ya adabu za wabebaji wa Qur'an, kwamba ni makuruhu kuchora kuta kwa Qur'an na majina ya Allah. Basi itakuwaje ukuta usipokuwa wetu, mahali mbuzi wanapojikuna na tope linaporuka?

Wala mtu asiseme mwenye duka si Muislamu. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba atakayemdhulumu asiye Muislamu aliye katika amani nasi, yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wake siku ya Kiyama. Nani kati yetu anataka kesi hiyo?

Nawaomba haya, nikianza na nafsi yangu:

1. Aliyeandika aende kwa mwenye ukuta, hata kama maandishi ni ya mwaka wa kwanza. Akiona uzito kwenda peke yake, nipo tayari kufuatana naye.

2. Tuombe ruhusa kabla ya kufuta, kama ilivyotupasa kuomba kabla ya kuandika. Ukuta ni wake na rangi ni yake kuchagua. Amri ya kubisha hodi katika Suratun Nur, aya ya 27, tuichukulie adabu yake hata hapa.

3. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alfajiri, wanaoweza tukutane msikitini na ndoo, sabuni na brashi. Tuanze na kuta za wajane na wazee, na tuyafute mapema, kabla hayajazoea. Jina la Allah likiwa ukutani tulioshe kwa adabu.

4. Tusipige picha zetu tukifanya kazi hiyo. Kumwondolea mtu udhia njiani ni katika matawi ya imani, na imani haihitaji tangazo.

5. Wagombea wetu wa mwaka huu watoe ahadi mbele ya msikiti kwamba hawataandika juu ya ukuta wa mtu yeyote. Asiyeheshimu ukuta wa fundi cherehani, haki zetu atazilindaje?

Ewe Mola wetu, tusamehe yale tuliyoyafanya tukiwa wajinga na yale tuliyoyanyamazia tukiwa tunajua. Zilainishe nyoyo za wale tuliowadhulumu, na utupe ushujaa wa kwenda milangoni kwao kabla ya siku yetu kufika. Na ndugu yetu aliye Uvira, mpe wema wa dunia na akhera, atusamehe au asitusamehe. Aamin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.