SUBIRA NA UTULIVU KWA MWENYE DAMU ISIYOGANDA

 

Katika nchi ya Kilosa, tangu bonde la mto Mkondoa mpaka Mikumi ipitapo njia kuu ya Iringa, watu wanayajua vizuri maradhi ya homa na ya tumbo, na kila mzee ana dawa yake. Walakini yako maradhi ambayo wengi hawajayatambua hata jina lake, nayo ni hemofilia, yaani damu kukosa nguvu ya kuganda. Mtoto wa kiume huzaliwa nayo. Akianza kutambaa hutokwa na mavilio ya damu pasipo kupigwa. Akiota meno damu haikatiki. Na akifika umri wa kwenda chuoni goti humvimba usiku, likawa la moto lisilokunjika. Hapo majirani husema karogwa, wengine husema ana jini, na wengine humtazama mama yake kwa jicho baya.

Khabari hii si ngeni katika vitabu vya Waislamu. Tabibu Al-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika juu ya kijiji kimoja ambacho wanaume wake wakijeruhiwa hutoka damu mpaka wakafa, na watoto wao wa kiume hali kadhalika, hata kwa kusuguliwa ufizi tu. Akayahesabu kuwa ni maradhi, akayaandika kama tabibu aandikavyo.

Elimu ya leo imebainisha sababu yake. Damu inayo vitu vingi vinavyosaidiana kuigandisha, na mwenye hemofilia amepungukiwa kimoja: aghalabu kile cha 8, na mara chache kile cha 9. Kupungukiwa na kile cha 8 humpata kama mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wanaume wa Tanzania wamepita milioni 30. Basi kwa kipimo hicho wenye maradhi haya hukaribia 6,000, nao wanaojulikana katika hospitali ni wachache sana kuliko hao. Maradhi hupita kwa mama, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe haonekani kuumwa. Lakini yapata theluthi moja ya wagonjwa hawana jamaa aliyetangulia kuwa nayo. Na mwanamume mwenye hemofilia akioa, wanawe wa kiume hawairithi kwake, ila binti zake wote huichukua. Basi anayemwacha mkewe kwa kumzalia mtoto wa namna hii amedhulumu, wala hana hoja mbele ya mwenye akili.

Sasa yapasa baba ajue kuwa maumivu ya mtoto huyu ni ya namna mbili, na kuyachanganya ni khatari kubwa. Namna ya kwanza ni ya damu inayovuja ndani ya kiungo, khasa goti, kiwiko na kifundo cha mguu. Mara nyingi huanza kwa mnyeo au joto ambalo mgonjwa peke yake hulihisi, na nje hakuna kitu kionekanacho. Hapo hakuna dawa ya kweli illa kile kilichopungua kitiwe katika mshipa wa damu upesi. Na wakati wa kungoja, kiungo kipumzishwe, kiinuliwe, kifungwe kwa kitambaa pasipo kukazwa sana, na kiwekewe barafu iliyofungwa nguoni kwa muda mfupi. Namna ya pili ni ya kiungo ambacho damu imekwisha kukiharibu kwa kuvuja mara kwa mara. Maumivu haya hayaondoki. Huja kila asubuhi, huzidi kwa mwendo, na humnyima mtu usingizi kwa miaka. Haya ndiyo yatulizwayo kwa njia zitakazotajwa. Mtu asimwambie kijana atulize pumzi na hali goti lake linajaa damu.

Baadhi ya wazee hudhani kuwa subira ni mtoto kunyamaza. Humwambia, "Wewe mwanamume, usilie," naye akajifunza kuificha dalili ya kwanza mpaka kiungo kimeharibika. Hiyo si subira iliyofundishwa. Nabii Ayubu alimwambia Mola wake waziwazi kuwa amepatwa na dhara, na juu ya hayo Qur'ani imemsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Nabii Yaakubu alimshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Basi mtoto asemaye "baba, mguu umeanza" hakuvunja subira, bali ametoa khabari ya amana aliyopewa, nayo ni mwili wake.

Ama njia za kutuliza, ziko nyingi, na sababu ya kufaa kwake ni hii: mwenye maumivu ya miaka huishi akiyaogopa kabla hayajafika. Hofu humkaza misuli, misuli iliyokazwa hulivuta goti bovu, goti likauma zaidi, usingizi ukakatika, na aliyekesha huumwa zaidi siku ya pili. Anayeweza kuulegeza mwili wake hukata mnyororo huo mahali pamoja, na pengine hilo humtosha kulala.

Njia ya kwanza ni ya pumzi. Mgonjwa alale chali au aketi ameegemea, kiungo kibovu kikiwa juu ya mto. Aweke mkono mmoja kifuani na wa pili tumboni. Avute pumzi puani polepole mpaka mkono wa tumboni uinuke na ule wa kifuani utulie, kisha aitoe kwa muda mrefu kuliko alioivutia, mfano hesabu ya 4 kwa kuvuta na ya 6 kwa kutoa. Akiona kizunguzungu arudi katika pumzi yake ya desturi. Afanye dakika 10 asubuhi na 10 kabla ya kulala, hata siku asizoumwa, kwani mtu hajifunzi kuogelea siku chombo kinapozama.

Njia ya pili ni ya kulegeza misuli. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1929, aliwafundisha watu kuikaza misuli kundi kwa kundi kisha kuiachia. Lakini mwenye hemofilia asifuate hivyo tu. Misuli iliyo karibu na kiungo kibovu asiikaze hata kidogo; aipitishie fikira tu, toka vidole vya miguu mpaka paji la uso, na kila mahali ajiamrishe kuachia, kama mtu awekaye mzigo chini.

Ya tatu ni kuipeleka fikira mahali pa raha. Kijana wa Mikumi aweza kufumba macho akauona uwanda wa Mkata baada ya mvua, majani mabichi, twiga wakienda pasipo haraka, na upepo katika mikumi iliyoupa mji jina. Mtu wa Bagamoyo atauona ufuo wakati wa maji kupwa. Azidi kutazama kidogo kidogo, asikie sauti na harufu, mpaka maumivu yawe kama kelele za nyumba ya pili.

Na Muislamu anayo dhikri, ambayo Qur'ani imethibitisha kuwa ndiyo ituliziayo nyoyo. Akitaka kuifuatanisha na pumzi yake hakuna kizuizi. Walakini isidhaniwe kuwa hesabu ya pumzi ni ibada mpya. Hiyo ni dawa ya mwili kama kidonge, na dhikri yabaki kuwa dhikri. Wala hakuna katika hizi hata moja izuiayo damu. Hupunguza uchungu na hofu, basi.

Yako mambo ambayo watu huyafanya kwa huruma nayo yaua. Mwenye damu hii asipigwe chuku, asichanjwe, asichuliwe kiungo kilichovimba, wala asikandwe kwa maji ya moto damu inapovuja. Asichomwe sindano ya takoni. Asipewe aspirini, wala ibuprofeni au diklofenaki zinazouzwa kila duka. Parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi.

Katika ibada, dini imempa nafasi. Imran bin Huswain alipougua, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kuswali ameketi akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kuketi. Na katika hadithi ya Jabir, mtu aliyepasuka kichwa alikatazwa na wenzake kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume akawalaumu vikali kwa kutoa hukumu pasipo kuuliza. Khabari hiyo yapasa ikumbukwe na kila anayemlazimisha mwenye goti bovu kusujudu.

Imebaki tohara, ambayo ndiyo iliyowaua wengi pasipo kujulikana sababu. Katika madhehebu ya Shafi ni wajibu, lakini wanazuoni wake wamesema kuwa akiogopewa mtu kudhurika, huakhirishwa mpaka salama ipatikane. Mtoto huyu asipelekwe kwa ngariba. Baba aanzie hospitali ya wilaya Kilosa au ya Mtakatifu Kizito Mikumi, aeleze khabari yote ya damu ya mtoto na ya wajomba zake, aombe barua ya kwenda Morogoro na Muhimbili, Dar es Salaam, iliko kliniki ya maradhi haya. Safari imekuwa nyepesi, kwani reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 ina kituo Kilosa. Atahiriwe huko, dawa ya kugandisha ikiwa tayari kabla ya kisu na siku kadhaa baada yake. Na aliyecheleweshwa kwa udhuru huu hana dhambi, wala babake hana.