Katheta Iliyofika Moyoni

Ndugu zangu wa Kashozi, tukiona mashine mpya hospitalini wengi wetu tunashusha pumzi: mgonjwa wetu atapona. Mimi pia ni wa kundi hilo. Ndiyo maana nawasimulia kisa cha katheta, ule mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa.

Mwaka 1970, madaktari Swan na Ganz wa Los Angeles, Marekani, walitangaza katheta yenye kiputo nchani. Swan alisema wazo lilimjia alipotazama mashua za tanga baharini. Damu yenyewe inakisukuma kiputo kupita moyoni hadi mshipa wa mapafu, bila kuhitaji eksirei ya kukiongoza. Daktari akawa anasoma presha ya moyo pale pale kitandani. Wagonjwa mahututi wakawekewa kwa wingi, kabla ya mtu kupima kama wanapona zaidi.

Dalili za hatari zilikuwepo. Wengine mapigo ya moyo yalivurugika, wengine walipata maambukizi, na mara chache mshipa wa mapafu ulipasuka. Mwaka 1985 Daktari Eugene Robin aliwaonya wenzake kwa maandishi kwamba wameigeuza katheta hiyo kuwa kama dini. Wakaendelea. Kanada walipotaka kuwagawa wagonjwa kwa kura ili walinganishe, madaktari wengi walikataa; waliona ni kosa kumnyima mgonjwa kifaa kizuri hivyo. Huruma hiyo naielewa. Hata mimi pengine ningekataa.

Mwaka 1996 Alfred Connors na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 5,735. Hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa, waliowekewa walikufa zaidi, na gharama yao ya kulazwa ilikuwa wastani wa dola 49,300 dhidi ya 35,700 za wasiowekewa. Uingereza nao, mwaka 2005, waligawa wagonjwa 1,041 kwa kura: katheta haikuokoa maisha zaidi.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2011, utafiti wa watoto 3,141 katika hospitali za Afrika Mashariki kama Mbale, Kilifi na Muheza ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waliokimbiziwa dripu ya maji mengi walikufa zaidi kuliko wasiokimbiziwa. Nayo ilikuwa tiba iliyoaminika miaka mingi.

Basi ninyi mnaokaa kwenye kamati za vituo vya afya, mkiletewa kifaa, msitosheke kusikia kwamba kinafika panapotakiwa. Ulizeni kililinganishwa na nini, nani alipona, na vipuri vitalipiwa na nani. Muuzaji akikosa majibu, fedha zibaki benki.