Kufuta Swali na Kufuta Jibu

Mwaka jana, wakati wa mafunzo kwa vitendo, nilipangiwa kampuni moja hapa Kigali inayouza taa za sola kwa malipo ya awamu. Wiki ya tatu msimamizi wangu alinipa kazi ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa ya asubuhi moja tu: kusafisha programu ya kusimamia wateja. Kila mteja alikuwa na rekodi yenye jina, namba ya simu, wilaya na deni. Lakini kwa miaka kadhaa kila idara ilikuwa imeongeza visanduku vyake, hadi vikafika 61. Niliambiwa nibakize 14.

Kuvifuta kimoja kimoja kwa kubofya kunachosha, kwa hiyo nilipitia API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuiagiza nyingine kazi. Unaomba orodha ya visanduku, kila kimoja na namba yake, kisha unaandika msimbo mfupi unaotuma agizo la kufuta kwa kila namba. Seva ikijibu 204, limefanyika. Ukituma maagizo kwa pupa inajibu 429, maana yake punguza kasi. Ugumu wa kiufundi unaishia hapo. Kilichonifanya nifikiri ni kwamba ukifuta kisanduku kwa njia hii huigusi rekodi moja. Unaliondoa swali lenyewe, na majibu ya wateja wote yanaondoka nalo. Katika mfumo ule hayakuwa na njia ya kurudi.

Vingi vilikuwa takataka za matangazo yaliyokwisha. Kimoja kiliuliza dini ya mteja. Hicho nilikifuta kwa furaha, na nadhani nilikuwa na haki. Sisi Wanyarwanda tunajua mstari mmoja wa rekodi unaweza kufanya nini. Vitambulisho vilivyoletwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930 vilitaja kabila la mwenye kitambulisho, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari ule uliamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari uliondolewa kwa watu wote. Hakuna aliyehitaji kuulizwa kama angependa wake ubaki, kwa sababu kosa halikuwa katika jibu la mtu huyu au yule. Kosa lilikuwa swali. Swali la namna hiyo hufutwa kwa jumla, na kulifuta kwa jumla ndiko kuwatendea watu haki sawa.

Kisha nikafika kwenye kisanduku kilichoitwa “Maelezo ya wakala”. Hiki hakikuuliza chochote. Kilikuwa nafasi tupu, na mawakala walikuwa wameijaza kwa Kinyarwanda walivyotaka (ninatafsiri, na tafsiri imepunguza ukali): “Mlevi.” “Mume yuko gerezani, msimwamini.” Mistari michache chini yake: “Msipige kabla ya saa nne, ana mtoto mgonjwa.” “Mzee hajui kusoma, msimtumie ujumbe, mpigieni.” Tusi na huruma vilikaa katika safu moja, pengine kwa mkono wa wakala yuleyule.

Nilimuuliza msimamizi kama nacho kimo. Akasema, “Orodha ni orodha, mdogo wangu.” Nikaendesha msimbo. 204.

Yule mzee anaishi Nyaruguru. Mfumo ukaanza kumtumia ujumbe wa kumkumbusha malipo kama wateja wengine, naye hakujua unasema nini. Taa hizi hujifunga zenyewe muda uliolipiwa ukiisha. Yake ilijifunga, akakaa gizani siku tatu mpaka wakala alipopita. Habari hiyo niliipata kwa dada wa kitengo cha simu, aliyeniuliza bila hasira kama ni mimi niliyefuta.

Mwenzangu wa darasani ananiambia sina la kujutia. Anasema anayeandika leo “hajui kusoma” ndiye atakayeandika kesho “mlevi”, na kwamba habari isiyokuwapo haimdhuru mtu. Sehemu ya kwanza naikubali. Ya pili imekanushwa na mzee wa Nyaruguru. Wala nisingeponea kwa kuhifadhi nakala pembeni: neno “mlevi” lingeendelea kuishi ndani ya kompyuta yangu, kwa watu ambao sheria namba 058 ya mwaka 2021 inawapa haki ya kudai habari zao zifutwe. Njia iliyobaki ilikuwa kusoma. Maelezo yalizidi 3,000. Yangenichukua siku nne, labda tano. Msimbo ulinirahisishia kazi ya vidole, nami nikajiaminisha kwamba umenirahisishia na kazi ya kuamua. Hapa palikuwa na majibu yaliyostahili kufutwa na mengine yaliyostahili kuulizwa upya kwa wenyewe, na mimi niliyatendea kama swali moja baya.

Kabla sijaondoka nilimwomba msimamizi aongeze kisanduku cha 15, “Mteja anapenda tumfikie vipi?”, ambacho kitajazwa kwa kumuuliza mteja mwenyewe, si kwa wakala kumtazama. Alikubali, akilalamika kidogo kwamba tumeanza tena. Mzee wa Nyaruguru alijaziwa wa kwanza. Siku yangu ya mwisho pale, kwa wateja wengi kisanduku hicho kilikuwa bado kitupu.