HESABU YA MWALIMU WA CHUONI

Mwenye duka wa Kariakoo hafungi mlango jioni ila amekwisha tazama daftari lake: nini kimetoka, nini kimeingia, nani adaiwa. Jirani yake, katika chuo kilicho nyuma ya duka hilo, mwalimu awapa ruhusa watoto arobaini warudi kwao, wala hana hata mstari mmoja wa kumjulisha ni nani aliyefahamu siku hiyo na nani aliyefuatisha sauti za wenziwe. Basi katika amana mbili hizi, ipi iliyo nzito zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu?

Ada ya pwani ilikuwa mtoto kuandikiwa ubaoni, akahifadhi, kisha ubao ukaoshwa aandikiwe mengine. Ada hiyo ina uzuri wake; walakini maji yale yaliondoa wino pamoja na habari za safari nzima. Siku ya kuhitimu ilikumbukwa, na karamu yake. Herufi iliyomshinda mtoto miezi mitatu haikukumbukwa na mtu.

Madhara yake si madogo. Mtoto wa miaka mitano achanganya swadi na sini, mwalimu akamchapa. Lau angaliandika makosa ya juma lile, angaliona watoto kumi wamekosea herufi zile zile. Na wakosapo kumi pamoja, hutazamwa kwanza somo lilivyofundishwa. Fimbo basi imempata asiyestahili. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alieleza kuwa ukali humzoeza mtoto uwongo na hila, kwa kuogopa mkono wa mwalimu wake.

Wako wasemao kuwa mwalimu mwema huwajua watoto wake kwa moyo. Ni kweli kwa watoto watano barazani. Kwa arobaini, moyo humkumbuka mtundu na hodari. Yule mpole akaaye karibu na nguzo husahauliwa. (Kariakoo yenyewe ilipewa jina na kambi ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na wengi wao walikufa pasipo majina yao kuandikwa popote.)

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimfananisha mtu na nafsi yake kama mfanya biashara na mshirika wake: humwekea sharti, humwangalia, kisha humtaka hesabu. Watu wa sokoni hawahitaji kufasiriwa jambo hili.

Lakini hadhari. Daftari la makosa ya watoto likisomwa mbele ya wazee baada ya sala, limekuwa aibu, na huenda likawa ghiba. Lililo salama ni kuandika alilofanya mtoto, na kando yake alilofanya mwalimu: "Swadi imemshinda, kesho aketi na mwenziwe aijuaye." Mistari kama hii ni myepesi. Uko mmoja ambao kalamu huusitia, nao ndio uliofanya daftari lihitajiwe: "Leo nimemchapa, na kosa lilikuwa langu."